Mtomatiyo Usiozaa: Kutambua Matatizo ya Tomatiyo katika Bustani za Nyumbani Lamu

Tomatiyo ni tunda la jamii ya nyanya, lenye asili ya Meksiko na Guatemala, linalokua ndani ya ganda jembamba lililofungika mfano wa kandili ndogo. Uchachu wake unalifanya lifae sana kwa achari na chatini, mahali ambapo sisi huku pwani tumezoea kutia embe bichi au ukwaju. Jina lake la kitaalamu ni Physalis philadelphica, na jamaa zake wa karibu tunaowafahamu ni mnyanya, mbilingani, mpilipili na mnavu. Kwao Meksiko mmea huu huota wenyewe hata katikati ya mashamba ya mahindi, wala hauhesabiwi kuwa mmea wa kubembelezwa.

Hata hivyo, wengi wanaoujaribu katika nyua za Lamu huambulia majani tu, na wa kwanza kulaumiwa huwa ni mbegu. Kwa maoni yangu, mbegu ndiyo inayosingiziwa mara nyingi na kukosea mara chache. Mambo yanayouangusha mtomatiyo kisiwani ni maji yenye chumvi, udongo wenye chokaa, joto la Kaskazi na kupandwa peke yake. Hakuna hata moja kati ya hayo linalotibiwa kwa chupa ya dawa kutoka dukani, na ndiyo maana inafaa dalili isomwe kwa makini kabla ya fedha kutumika. Mwongozo huu unafuata maisha ya mmea kuanzia kitaluni hadi mavuno.

Mbegu hazioti

Udongo ukiwa na joto la nyuzi 21 hadi 29, mbegu za tomatiyo huchomoza baada ya siku 7 hadi 10. Zikipita wiki 3 bila kuonekana kitu, ipo sababu. Katika nchi za baridi sababu huwa ni ubaridi wa udongo, lakini Lamu mambo ni kinyume. Kopo au trei iliyowekwa juu ya paa tambarare, mahali ambapo jua la saa saba mchana linapiga bila kizuizi, hupata joto kali kuliko hewa inayoizunguka, na ile safu nyembamba ya juu ambamo mbegu imelala hukauka kwa saa chache tu. Mbegu iliyokwisha kunywa maji, kisha ikakaushwa kabla ya kutoa mzizi, hufa hapo hapo. Kitalu kiwekwe chini ya kivuli chepesi cha makuti au kando ya ukuta unaopata jua la asubuhi pekee, mbegu zifunikwe kwa udongo laini wa nusu sentimita, usiozidi sentimita 1, na maji yanyunyizwe kidogo kidogo asubuhi na jioni.

Iwapo kitalu kimetunzwa hivyo na bado hakuna kilichoota, basi ndipo mbegu ichunguzwe. Mbegu ya tomatiyo iliyohifadhiwa pakavu hudumu miaka 3 au 4, ila hewa ya kisiwani ina unyevu mwingi, na pakiti ya karatasi iliyoachwa kabatini huharibika mapema zaidi. Chukua mbegu 10, uzitandaze juu ya kitambaa kilicholowa ndani ya kibakuli chenye kifuniko, na uziangalie kwa siku 10. Zikiota 7 au zaidi, mbegu ni nzima na kasoro iko kitaluni. Zikiota 2 au 3, zisitupwe, bali zipandwe kwa wingi. Isipoota hata moja, tafuta nyingine. Mbegu zinazobaki zihifadhiwe katika chupa yenye kifuniko cha kubana, pamoja na punje za mchele uliokaushwa juu ya kikaango na kupozwa kabisa, kwa kuwa mchele huo hufyonza unyevu. Anayetaka kuagiza mbegu kutoka nje ya nchi azingatie kwamba uingizaji wa mbegu nchini Kenya unahitaji kibali cha KEPHIS, shirika la serikali linalosimamia afya ya mimea.

Miche inalala chini au inaungua ncha

Mche uliokuwa umesimama vizuri jioni ukakutwa umelala asubuhi, shina likiwa limesinyaa na kuwa jembamba na jeusi pale linapogusana na udongo, umepatwa na kinyausi. Huu ni ugonjwa wa vimelea vya ukungu, nao hushamiri udongo unapokuwa umelowa wakati wote, miche imesongamana na hewa haipiti. Ndiyo sababu miche iliyosiwa Mei, masika yanapokuwa yamekolea, hufa kwa wingi. Mche ulioanguka haurudi tena. Wenzake huokolewa kwa kupunguza maji, kuipunguza miche ili iachane, na kukihamishia kitalu mahali penye hewa zaidi. Kwa kitalu kitakachofuata, tumia udongo mpya na chombo kilichooshwa na kuanikwa juani.

Mche uliokatwa kabisa shinani, sehemu ya juu ikiwa imelala pembeni ikiwa bado mbichi, ni kazi ya sota, kiwavi wa usiku anayejificha chini ya udongo mchana. Fukua kidogo kwa kidole kuzunguka shina na mara nyingi utamkuta amejikunja. Mkanda wa karatasi ngumu uliozungushwa kwenye shina na kuzamishwa sentimita 2 ardhini humzuia.

Dalili ya tatu ndiyo ya Lamu hasa. Kingo na ncha za majani hugeuka rangi ya kahawia na kukauka, mche unadumaa bila kufa, na juu ya udongo hujitokeza utando mweupe. Hiyo ni chumvi. Visima vingi vya mjini huwa na maji ya magadi, na ukali wake huongezeka kadiri kiangazi kinavyorefuka. Maji matamu ya Lamu yanatokana na mvua inayohifadhiwa chini ya vilima vya mchanga vya Shela, na kila mtu kisiwani anajua kwamba hayo si ya kumwaga ovyo. Mmea uliokwisha kukua unaweza kustahimili maji yenye chumvi kidogo, lakini mche mchanga hauwezi. Kwa hiyo, maji ya mvua yaliyokingwa kwenye jabia au pipa yatengwe kwa ajili ya kitalu na kwa wiki za mwanzo baada ya kupandikiza. Baadaye, mtu asiye na budi kutumia maji ya kisima ayamwage shinani wala asiyarushe juu ya majani, atandaze majani makavu au vipande vya makuti kuzunguka shina ili udongo usikauke upesi na kupandisha chumvi juu, na kila akipata maji matamu ya kutosha aumwagilie udongo kwa wingi mara moja ili chumvi iteremke chini ya mizizi. Vyungu viwe na matundu makubwa chini, kwa sababu chungu kisichotoa maji hulimbikiza chumvi hata kama maji yenyewe si mabaya sana.

Majani yanageuka manjano

Swali la kwanza ni majani yapi yaliyoanza. Yakiwa ni yale ya chini, ya zamani, na yamepauka jani zima kwa usawa, mmea una njaa ya naitrojeni. Udongo wetu wa kichanga haushiki chakula, kwa hiyo kila mvua kubwa hukishusha chini. Mboji au samadi iliyooza hutosha.

Yakiwa ni majani machanga ya juu, na rangi ya manjano iko kati ya mishipa ilhali mishipa yenyewe imebaki ya kijani, mmea umekosa madini ya chuma. Katika mji uliojengwa kwa mawe ya matumbawe na kupakwa chokaa, jambo hili ni la kutarajiwa. Vumbi la kuta za zamani, vifusi vilivyofukiwa uani na mchanga wenye vipande vya makombe hufanya udongo uwe na chokaa nyingi, na katika udongo wa namna hiyo chuma kipo lakini mizizi haiwezi kukinyonya. Jaribio lake ni rahisi: chukua kijiko kimoja cha udongo mkavu, weka kisahanini, udondoshee siki. Ukisikia mchemko na kuona povu dogo likipanda, chokaa ipo kwa wingi. Mtomatiyo hupenda udongo wenye asidi kidogo hadi ule usioegemea upande wowote.

Hapa ndipo ninapowasihi watu waache mazoea ya kumwaga jivu la jikoni kwenye bustani ya namna hii. Jivu lina manufaa yake katika udongo wenye asidi, lakini juu ya chokaa linazidisha tatizo lile lile. Njia ya uhakika katika ua wenye vifusi ni kupanda kwenye vyungu au ndoo za lita 20, ukitumia mchanganyiko wa mboji na udongo uliotoka mbali na kuta. Samadi ya punda, ambayo Lamu haina uhaba wake, ni nzuri sana mradi irundikwe, ilowanishwe na kugeuzwa kwa miezi 2 au 3 hadi isiwe na joto wala harufu kali. Samadi mbichi huunguza mizizi na huleta mbegu za magugu.

Mmea ni mkubwa, maua ni tele, tunda hakuna

Malalamiko haya ndiyo mengi kuliko yote, na sababu yake kuu ni moja. Ua la mtomatiyo halikubali chavua ya mmea wake wenyewe. Mnyanya mmoja uani utazaa, mpilipili mmoja utazaa, lakini mtomatiyo mmoja utatoa maua kwa mamia na yote yatapukutika. Ni lazima pawe na mimea miwili iliyotokana na mbegu tofauti, nayo ichanue wakati mmoja. Mitatu au minne ni bora zaidi, kwani mmoja ukifa au ukichelewa, mingine haitakosa mwenza.

Kuna mtego ndani ya jambo hili. Shina la mtomatiyo huota mizizi kwa urahisi likichomekwa kwenye udongo wenye unyevu, na mtu aliyeambiwa atafute mmea wa pili huona njia ya mkato ni kukata tawi na kulipanda. Bibi mmoja wa mtaa wa Langoni, mkono wake ukiwa mwepesi kwa kila anachopanda, alifanya hivyo hivyo. Chungu cha pili kilisimama kando ya cha kwanza juu ya paa, vyote viwili vikawa vya manjano kwa maua, na kila asubuhi alifagia maua yaliyoanguka. Tawi lililokatwa ni mmea ule ule kwa damu, kwa hiyo chavua yake haina tofauti na ya mama yake. Alipoleta mche wa tatu uliotoka kwenye mbegu nyingine na ukachanua, vyungu vyote vitatu vilianza kushika matunda.

Ikiwa mimea ni miwili au zaidi, na yote imetoka kwenye mbegu, tazama kalenda. Joto la mchana likipita nyuzi 32 hadi 35, na usiku usipopoa, chavua hudhoofika na ua hudondoka kabla ya kutungwa. Februari na Machi, Kaskazi inapokuwa imetulia na kuta za mawe zinatoa usiku joto zililolimeza mchana, mtomatiyo wa Lamu unaweza kuwa na afya kamili na bado usizae. Usiung'oe. Upe kivuli cha mchana, uumwagilie vizuri, usubiri. Ila lililo bora ni kupanga mapema. Mbegu zikisiwa mwanzoni mwa Juni, mvua kubwa zinapopungua, miche hupandikizwa katikati ya Julai na kuchanua Agosti na Septemba, wakati Kusi bado inapoza hewa. Anayetaka zao la pili asie Septemba ili vuli ikute mimea imeshika ardhi na matunda yawe yamekaza kabla ya joto la mwaka mpya. Kusi nayo ina taabu yake: huvunja matawi na kuleta umande wa chumvi kutoka baharini, kwa hiyo bustani iliyo wazi upande wa bahari inahitaji ukingo wa makuti, na kila mmea uwe na mti wa kuuegemea. Mtomatiyo hufika urefu wa mita 1 na zaidi, matawi yake hutambaa kwa upana na hukatika kwa wepesi. Nafasi ya sentimita 60 hadi 90 kati ya mmea na mmea si ya anasa.

Baada ya kalenda, tazama nyuki. Ua uliozungukwa na kuta ndefu pande zote unaweza kuwa na mimea minne bila nyuki hata mmoja kuingia. Kaa karibu na mimea asubuhi jua likiwa limepanda kidogo, maua yakiwa yamefunguka, na uangalie. Nyuki wa kawaida, nyuki wadogo wasiouma na wale weusi wakubwa wanaotoboa mbao kavu wote ni wageni wa kukaribishwa. Rehani iliyoachwa ichanue karibu na vyungu huwavuta vizuri. Wasipokuja, ifanye kazi hiyo kwa mkono. Ua la mtomatiyo ni la manjano, lenye madoa meusi yenye wekundu wa zambarau katikati, na ndani yake husimama vijiti vitano vyenye vumbi la chavua. Chukua burashi laini ya kuchorea, igusishe kwenye vumbi la ua la mmea wa kwanza, kisha kwenye kijiti kilicho katikati kabisa ya ua la mmea wa pili, na urudie kinyume chake. Dakika chache kila asubuhi kwa wiki moja zitaonyesha matokeo: kikonyo cha ua lililotungwa hubaki imara na ganda huanza kuvimba, ilhali lile lisilotungwa hugeuka manjano kikonyoni na kuanguka.

Sababu ya mwisho ni mbolea iliyopita kiasi. Majani mapana, ya kijani kilichokolea, mashina manene na maua machache ni dalili ya naitrojeni nyingi. Acha kutia mbolea, na mmea utarudi wenyewe.

Ganda lipo, ndani hamna kitu

Ganda hutangulia na tunda hufuata. Mtu anayeliminya ganda kila siku na kukuta hewa tupu asidhani mmea una maradhi, kwa maana tunda linaweza kuchukua wiki kadhaa kabla ya kulijaza. Lakini ganda likianza kukauka ilhali tunda ni dogo kama lilivyokuwa, basi ama chavua ilifika kwa uhaba, ama mmea ulikosa maji wakati wa kujaza. Udongo unaokauka kabisa kisha kufurikishwa pia huyapasua matunda yaliyokwisha kukua.

Mmea unanyauka

Mmea unaolegea saa nane mchana na kusimama tena magharibi hauumwi. Umelemewa na jua. Usipoinuka jioni ingawa udongo una unyevu, ni jambo zito. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, kining'inize kwenye gilasi ya maji safi bila kutikisa, na utazame kwa dakika chache. Ukiona nyuzi nyeupe za utelezi zikishuka kutoka mahali palipokatwa, huo ni mnyauko wa bakteria, nao hauna dawa. Ng'oa mmea na mizizi yake, uuchome, osha kisu na jembe kwa sabuni, na usipande hapo mnyanya, mbilingani, mpilipili wala viazi kwa miaka kadhaa.

Zisipotoka nyuzi, ng'oa na ukague mizizi. Mizizi yenye vinundu vilivyovimba, visivyobanduka kwa kucha, ina minyoo fundo, ambayo hupenda sana udongo wa kichanga. Kwa hili jua la Kaskazi ni msaada: lowanisha tuta, lifunike kwa nailoni angavu, bana kingo zote kwa udongo na uliache kwa wiki 4 hadi 6 mwezi wa Januari na Februari. Joto litakalojifungia ndani huua sehemu kubwa ya minyoo na vimelea vilivyo karibu na uso wa ardhi.

Wadudu

Majani yenye vidoti vidogo vya manjano na utando mwembamba upande wa chini yana utitiri mwekundu, hasa kiangazi. Gonga jani juu ya karatasi nyeupe. Vumbi likianza kutembea, ndio wenyewe. Waoshe kwa maji ya nguvu kutoka chini ya majani, kisha nyunyiza maji ya sabuni laini au ya mwarobaini mara mbili kwa wiki. Dawa hiyo hiyo husaidia kwa vidukari na inzi weupe. Majani yaliyojikunja na kudumaa baada ya inzi weupe kuzagaa yanaweza kuwa na virusi, na mmea huo uondolewe ili usiambukize mingine. Michirizi mipana iliyopauka ndani ya jani ni ya kantangaze, kiwavi aliyeingia Kenya mwaka 2014 na kuwasumbua sana wakulima wa nyanya. Jani lenye michirizi lichumwe na kuchomwa mapema. Tundu kwenye ganda lina maana kwamba kiwavi ameingia kwenye tunda, na tunda hilo halifai kuachwa mtini wala kutupwa bustanini.

Dawa yoyote, hata ya mwarobaini, inyunyizwe jioni. Asubuhi ni wakati wa nyuki, na mtomatiyo usio na nyuki unajulikana mwisho wake.

Matunda yanaanguka, yananata au yamekosa uchachu

Utando unaonata juu ya tunda ni wa asili, nao hutoka kwa maji ya uvuguvugu. Tunda huwa tayari siku 60 hadi 100 baada ya kupandikiza, linapolijaza ganda na ganda kuanza kupasuka, likiwa bado la kijani na gumu. Likiachwa hadi liwe la manjano hupungua uchachu na kuwa tamu, jambo lisilofaa kwa achari. Yanayodondoka yenyewe mengi yamekomaa, kwa hiyo yaokotwe kila siku kabla mchwa na kuku hawajayafikia. Yakihifadhiwa na maganda yake kwenye friji, hukaa wiki 2 hadi 3. Ganda, majani na mashina haviliwi.

Kwa mbegu za msimu ujao, chagua matunda yaliyoiva kabisa kutoka mimea miwili au zaidi, yaponde ndani ya bakuli la maji, uyaache makapi yaelee na mbegu nzima zizame. Zisuuze, zitandaze kivulini juu ya sahani, usizianike juani, na uzigeuze hadi zikauke. Andika mwaka kwenye chupa. Tunda lililosahaulika ardhini nalo litaotesha miche mingi mvua zikija, na miche hiyo, kwa kuwa imetoka kwenye mbegu, inafaa kuwa wenza wa mimea yako. Bakisha minne iliyo imara, na iliyobaki umpe jirani mwenye mtomatiyo mmoja.